Field kwenye akwaria: kazi za nyuma ya kioo, kwa wanaoanzia Arusha na Moshi

MzeeWaSampu (Njiro, Arusha)

Wakuu salaam. Msimu wa field (mafunzo ya vitendo) umekaribia na maswali ni yale yale: mtu kapata nafasi kwenye akwaria ya maonyesho, au kwenye hoteli yenye matangi makubwa ya samaki, anataka kujua anaenda kufanya nini hasa. Wa chuo cha wanyamapori Mweka wanauliza, wa vyuo vya uvuvi Mbegani na Nyegezi wanauliza, wa SUA, chuo kikuu cha kilimo, ndiyo usiseme. Nimeona tuwe na uzi mmoja, wenye ujuzi waongezee, tuache kujibu vipande vipande.

Tuelewane mapema. Wiki za mwanzo samaki utawaona kwa macho tu. Kazi ya mwanafunzi ni maji, ndoo, kisu cha jikoni na daftari. Anayekuja akitegemea kupiga picha na papa atachoka siku ya pili.

ASUBUHI. Ingia mapema kabla wageni hawajafika. Usianze na taa za tangi. Washa ya chumba, subiri dakika 15 hadi 30, ndipo uwashe za tangi. Samaki akimulikwa ghafla kutoka gizani hukurupuka na kujigonga. Ukikuta magamba chini na pua zimechubuka, ulizia taa kabla hujaulizia ugonjwa. Wakati unasubiri, zunguka kwa sikio: pampu inayokwaruza imeingiza hewa au beringi zimeanza kuisha. Soma kipimajoto cha kila tangi, angalia kina cha maji kwenye sampu, lile tangi la chini linalokusanya maji ya mfumo. Kikiwa chini kuliko jana, ama ni mvuke ama kuna kiungo kinavuja. Pitisha karatasi ya chooni iliyo kavu kwenye kila kiungo. Tone ambalo jicho halilioni litalowesha karatasi.

Kisha hesabu samaki. Asiyeonekana mtafute nyuma ya mawe, kwenye chekeche la mdomo wa pampu, na sakafuni nyuma ya tangi, maana wapo wanaoruka. Usiseme "atatokea tu". Samaki wa gramu 200 akiozea ndani ya tangi la lita 1,000 anamwaga amonia nyingi kuliko chakula cha siku kadhaa.

Maji yapimwe kabla ya kulisha, saa ile ile kila siku. Amonia hupanda baada ya mlo, pH nayo hupanda na kushuka kufuata mwanga. Ukipima leo saa mbili asubuhi na kesho saa tisa alasiri, grafu yako haina maana.

JIKONI. Hapa ndipo mtu anapojulikana kama ni mfanyakazi. Chakula kilichogandishwa kiyeyushwe ndani ya friji usiku kucha, nyuzi 4 au chini yake. Si juani, si kwenye maji moto, na kilichoyeyuka hakirudi friza. Pima kwa mizani, usikadirie kwa kiganja. Samaki wengi wazima hula asilimia 1 hadi 3 ya uzito wao kwa siku. Wala-nyama wakubwa hupewa mara 2 au 3 tu kwa wiki. Samaki wa kugandishwa hupoteza vitamini B1, na baadhi ya aina zina kimeng'enya kinachoendelea kuiharibu hata ndani ya friza. Kwa hiyo wala-samaki huongezewa mg 25 hadi 30 za B1 na uniti 100 za vitamini E kwa kila kilo ya chakula. Kidonge kinasukumwa kwenye mashavu ya samaki wa chakula dakika chache kabla ya kulisha. Ukikiweka mapema kinayeyuka na kuishia kwenye beseni.

Kisichotafunwa ndani ya dakika 5 kiondolewe, kipimwe, kiandikwe. Samaki anayeumwa huacha kula siku kadhaa kabla ya dalili nyingine, na anayeliona hilo wa kwanza ni yule anayepima mabaki.

KIOO. Uliza kwanza: ni kioo halisi au ni akriliki? Kioo kinavumilia wembe. Akriliki haivumilii hata kucha. Tumia sifongo maalumu au kitambaa laini, anza juu kwenda chini, na usifike kwenye mchanga, kwa sababu punje moja ikinasa kwenye sifongo utachora mstari ambao kila mgeni atauona. Upande wa nje, dawa za kusafishia vioo zenye amonia zinapasua akriliki na mvuke wake unaingia majini. Maji safi na kitambaa vinatosha.

Karibuni muongezee.

---

BintiWaMachame (Moshi)

Shikamoo Mzee. Uzi umekuja wakati wake. Naomba kuuliza: kwenye vitabu tangi jipya linaachwa wiki 4 hadi 6 bakteria wanaokula amonia wajengeke, hilo nimelielewa. Lakini mbona inasemwa samaki wa Arusha wanalemewa amonia ikisoma 1 tu, wakati huku Moshi tangi linasoma 1 na samaki wanaogelea kama kawaida? Vipimo vinadanganya?

---

MajiMeru (Tengeru)

Dada, vipimo havidanganyi. Vinasoma vitu viwili kwa pamoja. Kipimo cha kawaida kinajumlisha amonia yenye sumu (NH3) na amoniamu isiyo na madhara makubwa (NH4+). Kinachogawa hizo mbili ni pH na joto. Kwa nyuzi 25:

pH 7.0: yenye sumu ni kama asilimia 0.6
pH 8.0: kama 5.4
pH 8.5: kama 15
pH 9.0: kama 36

Maji ya pH 7 yakisoma mg 1 kwa lita, sumu halisi haifiki 0.01. Yakiwa na pH 8.5 ni 0.15, na samaki wengi huanza kuumia kati ya 0.02 na 0.05. Kwa hiyo pale ukutani pabandikwe jedwali la pH na amonia, si namba moja ya "kikomo".

Sasa hili ndilo wageni wa Arusha hawalijui. Maji mengi yanayotoka Meru ni ya sodiamu na bikaboneti, yenye floridi juu na kalsiamu kidogo. Maana yake kipimo cha KH (bikaboneti) kinapanda sana huku GH (kalsiamu na magnesiamu) ikiwa chini. Mtu akiona pH 8.5 anasema "haya ni maji magumu, yanafaa samaki wa Tanganyika na Nyasa". Kwa pH ndiyo, kwa kalsiamu hapana. Pima KH na GH kila moja peke yake. Ukitaka kupandisha GH kwa mg 50 kwa lita (kwa hesabu ya kalsiamu kaboneti), weka takriban gramu 74 za kalsiamu kloridi yenye maji mawili kwa lita 1,000. Yeyusha kwenye ndoo, mimina kidogo kidogo kwa siku 2 au 3 mahali penye mkondo. Ukimwaga yote mara moja kwenye maji yenye bikaboneti nyingi, kalsiamu inashikana nayo, tangi linageuka jeupe kama maziwa, na ulichonunua kinalala chini.

Floridi: mkaa wa kawaida wa akwaria hauiondoi. Inayoiondoa ni mkaa wa mifupa, ule ule uliofanyiwa kazi miaka mingi pale Ngurdoto kwa maji ya kunywa, au mtambo wa kuchuja kwa presha, yaani RO. Mkaa wa mifupa usioungua sawasawa unatoa harufu na rangi. Uoshe mpaka maji yatoke meupe kabla haujagusa tangi.

Na oksijeni. Vitabu vimeandikwa na watu wa pwani. Usawa wa bahari, maji baridi (yasiyo ya chumvi) ya nyuzi 25 yanabeba mg 8.3 kwa lita yakijaa. Arusha mjini, mita kama 1,400 juu ya bahari, ni kama 7.0. Moshi ni kama 7.5. Ukitaka samaki wasishuke chini ya 6, Arusha una nafasi ya mg 1 tu ya kuchezea. Hivyo idadi ya samaki ya kitabuni ipunguzwe na mawe ya hewa yaongezwe. Mita ya oksijeni nayo iwekewe mwinuko au presha ya hewa ya mahali. Usipofanya hivyo itakuambia asilimia 84 kwenye maji yaliyojaa kabisa, na utahangaika kutafuta kosa lisilokuwepo.

---

BintiWaMachame

Aisee. Asante sana, nimeinakili yote.

---

FundiPampu_Sakina (Arusha)

Nami nigusie mitambo maana wanafunzi ndio wanaovunja valvu.

Chujio la mchanga, lile pipa lenye geji juu. Likiwa safi andika presha yake kwa kalamu ya rangi kwenye pipa lenyewe. Ikipanda kwa bar 0.5 hadi 0.7 juu ya hapo, ni wakati wa bekiwoshi, yaani kuosha mchanga kwa kusukuma maji kinyume. Si kila Jumatatu kwa sababu ni Jumatatu: mchanga wenye uchafu kidogo unachuja vizuri kuliko uliooshwa sasa hivi.

Zima pampu. ZIMA. Halafu ndipo ugeuze mkono wa valvu. Ukigeuza pampu ikizunguka, raba ya ndani yenye umbo la nyota inang'oka, na kuanzia hapo maji machafu yanapita pembeni kurudi tangini bila wewe kujua. Weka kwenye bekiwoshi, washa, angalia kile kikombe cha kioo mpaka maji yawe meupe, kawaida dakika 2 hadi 3. Zima, weka kwenye kusuuza, washa sekunde 30, zima, rudisha kwenye kuchuja, washa. Ukiruka hatua ya kusuuza, uchafu uliobaki ndani unapigwa wote tangini mbele ya wageni.

Piga hesabu ya maji kabla. Pampu ya mita za ujazo 15 kwa saa ikienda dakika 3 imemwaga lita 750. Hayo maji mbadala yawe tayari, yametolewa klorini na yana joto la tangi. Na usioshe chujio kwa maji ya bomba yenye klorini: bakteria wanaokula amonia wanakaa kwenye mchanga huo huo.

Klorini: kipimo kinachogeuka pinki kinatosha. Ya kuiondoa ni sodiamu thayosulfeti, gramu 7 kwa kila gramu 1 ya klorini. Lita 1,000 zenye mg 0.5 kwa lita zinataka gramu 3.5. Ukiwa huna, pulizia hewa saa 24 hadi 48 kisha pima tena. Usihesabu masaa tu ukamwaga.

Hita: mbili ndogo ni bora kuliko moja kubwa. Moja ikinasa kwenye "washa", nusu ya nguvu haitachemsha samaki. Zima hita kabla ya kupunguza maji. Ikibaki hewani inawaka, ukirudisha maji inapasuka. Waya wa kila kifaa uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, tone likifuata waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Na bila swichi ya kukata umeme kwa mA 30, usiingize mkono majini, hata bosi akikuambia.

---

ChaliiWaUngaLtd

Fundi, umeme ukikatika saa nane usiku, upo peke yako zamu, unaanza na nini? Huku Julai kunapiga baridi si mchezo.

---

FundiPampu_Sakina

Hewa kwanza, mzunguko wa pili, joto la tatu, taa mwisho kabisa.

Pampu ya hewa ya wati 20 ni mzigo mdogo. Betri ya volti 12, Ah 100, ukitumia nusu yake tu ili usiiue, baada ya hasara ya inveta unapata kama Wh 500, yaani saa 25 hivi. Hiyo betri iwe imeunganishwa tayari, siyo ya kutafutwa na tochi mdomoni. Angalia pia pampu ikae juu ya usawa wa maji au mpira uwe na valvu ya kuzuia kurudi. Vinginevyo umeme ukikatika maji yanarudi kwa mpira yanaingia kwenye pampu.

Baridi isikutie kiwewe mapema. Lita 1,000 zinapoteza kama kilowati-saa 1.16 ndipo zishuke nyuzi 1, kwa hiyo tangi kubwa linapoa polepole. Funika juu na pembeni kwa godoro jembamba au blanketi, acha mwanya wa hewa. Vidogo vya lita 60 ndivyo vya kukimbilia.

Jambo linaloua samaki wakati watu wanadhani umeme umewaokoa: chujio la kopo lililofungwa. Likikaa saa kadhaa bila mzunguko, oksijeni ndani inaisha, bakteria wanakufa, maji yananuka mayai viza. Umeme ukirudi, lenyewe linayasukuma tangini. Kwa hiyo lichomoe ukutani umeme ukikatika. Ukirudi, mwaga maji ya ndani, suuza vifaa kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Usilishe siku hiyo, na siku ya pili lisha nusu.

---

KiboshoKwanza (Moshi)

Wakuu nimefuatilia vizuri. Niongezee la kupokea samaki: mfuko uelee dakika 20, halafu maji ya tangi yadondoshwe taratibu kwa mpira mwembamba saa 2 mpaka 3, samaki azoee. Hapo hutapoteza hata mmoja.

---

MajiMeru

Meku, inategemea mfuko umekaa muda gani. Samaki aliyetoka mtaa wa pili, sawa kabisa, dondosha. Lakini mzigo uliofungwa Kigoma ukafika Arusha baada ya saa nyingi ni habari nyingine. Ndani ya mfuko samaki amepumua kaboni dayoksaidi, pH imeshuka. Amonia imejaa, lakini kwa pH ya chini ipo zaidi kwenye umbo lisilo na sumu. Unapofungua tu, kaboni dayoksaidi inatoka, na wewe unaongezea maji ya pH 8.5 kidogo kidogo. Umeipandisha pH akiwa bado kwenye amonia ile ile. Saa 2 za "kumzoesha" ni saa 2 za kumtia sumu.

Kwa mzigo wa safari ndefu: linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, mhamishe kwa wavu laini au kikombe mara moja kwenda tangi la karantini. Maji ya mfuko yasiingie. Ikiwa pH ya tangi iko mbali sana na alikotoka, andaa tangi la karantini lenye pH ya katikati kabla mzigo haujafika, kisha uipandishe kwa siku kadhaa.

Anayefunga mizigo asisahau: samaki wasipewe chakula saa 24 hadi 48 kabla, maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili.

---

KiboshoKwanza

Nimekupata. Mizigo ya hapa hapa ndiyo niliyokuwa nayo akilini.

---

DaktariNgozi_Magamba (Arusha)

Karantini haijaguswa vya kutosha, na ndiko wanafunzi wanakowekwa zaidi.

Siku 30 ni kiwango cha chini kinachotumika sehemu nyingi. Na siku zinaanza upya akiingizwa samaki mwingine kwenye mfumo ule ule, au dalili ikitokea siku ya 29. Mpangilio wa kazi ni huu: anza na matangi ya maonyesho, maliza na karantini. Ukishagusa karantini hurudi mbele bila kuosha mikono na kubadili buti.

Nyavu na mipira: JIK ya asilimia 3.5, ml 6 kwa lita ya maji, inakupa takriban mg 200 za klorini kwa lita. Loweka saa 1, suuza, chovya kwenye thayosulfeti, anika juani. Soma chupa, zipo za asilimia nyingine. Na osha uchafu kwanza, maana klorini inaishia kwenye ute badala ya vijidudu.

Ugonjwa wa vidoa vyeupe wa maji baridi: mdudu akiwa chini ya ngozi ya samaki dawa haimfikii. Inamuua akiwa anaogelea tu. Kwa nyuzi 25 mzunguko wake unachukua siku chache hadi wiki, kwa hiyo matibabu yanarudiwa hata vidoa vikiwa vimeisha. Anayeacha siku vidoa vinapopotea atavikuta tena kabla wiki mbili hazijaisha. Chumvi gramu 1 hadi 3 kwa lita inawasaidia samaki wengi wa maji baridi wakati huo.

Fomalini, dawa kali ya vimelea, ni ya msimamizi, si ya mwanafunzi. Nitaeleza kwa nini uijue hata hivyo: kila mg 5 kwa lita zinakula kama mg 1 ya oksijeni kwa lita ndani ya siku moja na nusu hivi. Dozi ya mg 25 ikiwekwa kwenye tangi la Arusha ambalo MajiMeru kasema linabeba 7.0, bila hewa ya ziada, hesabu mwenyewe. Inasababisha saratani pia. Ikiwa na mashapo meupe chini ya chupa, haitumiki.

Shaba kwa samaki wa baharini hushikiliwa mg 0.15 hadi 0.20 kwa lita na hupimwa mara mbili kwa siku. Konokono, kamba na matumbawe hawaishi nayo, na papa na taa (yule samaki bapa) wanaumia nayo pia. Tangi lililowahi kutibiwa kwa shaba lisiwekewe wanyama wasio na uti wa mgongo, kwa sababu mawe na mchanga huishikilia na kuiachia polepole.

---

BintiWaMachame

Dokta, na maji chumvi huku milimani yanatoka wapi? Wanapakia kutoka Tanga?

---

MzeeWaSampu

Hilo nijibu mimi. Monterey Bay Aquarium kule Marekani, iliyofunguliwa 1984, inavuta maji ya bahari moja kwa moja, ipo ufukweni. Sisi huku kila tone ni mzigo. Mita ya ujazo moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 kabla hujahesabu tangi la kubebea. Lori likipanda kutoka Tanga kwa Segera, Korogwe na Same, mafuta yanazidi thamani ya maji. Na yakifika bado yanachujwa, yanatiwa klorini, yanatolewa klorini.

Kinachofanyika ni kuchanganya chumvi maalumu ya akwaria, gramu 36 hadi 38 kwa lita. Lita 1,000 ni kilo 37 hivi. Chumvi ya mezani si mbadala, haina magnesiamu, kalsiamu wala potasiamu inayotakiwa.

Maji kwanza, chumvi baadaye, pampu ikizunguka. Ukianza na chumvi halafu ukamimina maji juu yake, kalsiamu inaganda na haitayeyuka tena. Zungusha saa 24, leta joto kwenye nyuzi 25, ndipo upime: 35 kwa elfu, au uzito linganishi 1.025 hadi 1.026. Refraktomita (kipima chumvi) irekebishwe kwa maji ya kipimo ya 35, siyo kwa maji matupu peke yake.

Maji ya kuchanganyia Arusha yawe ya RO. Bahari yenyewe ina floridi kama mg 1.3 kwa lita, kwa hiyo ukianza na maji ambayo tayari yamezidi hapo unajumlisha. Bikaboneti ya Meru nayo inaipandisha KH juu ya 7 hadi 11 unayoitaka. Kila siku jazia kilichopotea kwa mvuke kwa maji ya RO yasiyo na chumvi, kwani chumvi haitoki na mvuke. Mwanafunzi anayejazia kwa maji chumvi wiki nzima ataukuta mfumo umefika 38.

Na viungo vya shaba au brasi visionekane popote. Plastiki tupu. Bekiwoshi ya lita 750 aliyoisema Fundi, kwenye maji chumvi ni kilo 28 za chumvi kwenda mtaroni, ndiyo maana mifumo hii inategemea zaidi skima, ile inayotoa povu la uchafu.

---

ChaliiWaUngaLtd

Na kupiga mbizi ndani ya tangi je? Hicho ndicho wengine tunakitaka.

---

MzeeWaSampu

Bila cheti cha kuzamia na kibali cha kituo, hapana. Lakini ujue mawili. Kuzamia kokote juu ya mita 300 kutoka usawa wa bahari huhesabiwa ni kuzamia kwenye mwinuko, na jedwali la kawaida halitumiki lilivyo, hata tangi likiwa na kina cha mita 4. La pili ni la wanaokwenda kufanyia cheti Zanzibar au Tanga halafu wanapanda basi au ndege: kurudi Arusha ni kupanda mita 1,400. Mapendekezo ya kusubiri kabla ya kupanda mwinuko ni saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ukiwa umezamia mara nyingi au siku kadhaa.

---

DaktariNgozi_Magamba

Tukiwa kwenye usalama: taa mwenye mwiba au samaki simba akikuchoma, maji moto yanayovumilika, nyuzi 45 hivi, loweka dakika 30 hadi 90, halafu hospitali. Pima joto kwa mkono mzima, si kwa ule uliochomwa, maana maumivu yanakudanganya na utajiunguza. Kidonda kidogo cha mkononi kisichopona kwa wiki nyingi, chenye uvimbe mgumu, mwambie daktari kwamba unafanya kazi kwenye maji ya samaki. Kuna bakteria, Mycobacterium marinum, ambaye dawa za kawaida za kidonda hazimwezi, na daktari hawezi kumkisia bila kuambiwa. Glavu ndefu ukiwa na mkwaruzo wowote.

---

NatroniHadiChala (Usa River)

Naongeza jambo la samaki wenyewe. Watu wanaagiza samaki wa mbali wakati mkoa una maajabu yake. Alcolapia, perege wadogo wa Ziwa Natroni, wanaishi pembezoni mwa chemchemi zenye pH karibu 10 na maji ya moto. Aina tatu hazipatikani kwingine isipokuwa hapo. Upande wa Moshi, Ziwa Chala lina Oreochromis hunteri, na Jipe ina Oreochromis jipe, wote wako hatarini mno kutoweka. Sisemi mkawachote: kukamata na kuhamisha samaki kuna vibali chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003. Nasema mwanafunzi akiulizwa na mgeni awe na la kusema kuhusu samaki wa hapa.

Kinachonikera ni samaki waliozidi kumwagwa Ziwa Duluti, Mto Themi au kwenye mabwawa ya mashamba. Sato wa Nile akiingia kwenye ziwa lenye perege wa kwao, wanazaana, na baada ya vizazi vichache hujui yupi ni yupi. Maji ya karantini nayo yatiwe klorini, yakae, ndipo yaende kwenye shimo la maji machafu. Mferejini hapana.

---

BintiWaMachame

La mwisho kutoka kwangu. Daftari la field: msimamizi wa chuo anataka kuona "shughuli za kitaalamu". Siku nzima umefyonza uchafu na kuosha ndoo, unaandika nini?

---

MajiMeru

Andika namba. "Nimesafisha tangi" haina maana kwa mtu yeyote. "Tangi la 3, lita 2,000. Nimefyonza na kubadilisha lita 300, asilimia 15. Kabla: nyuzi 25.4, pH 8.4, amonia 0.25, nitriti 0, nitrati 40. Baada ya saa 2: nitrati 35. Chakula gramu 60, mabaki gramu 4." Hiyo ni ya kitaalamu kuliko kurasa mbili za maelezo. Na inakufundisha: kilo 1 ya chakula chenye protini asilimia 35 inazaa karibu gramu 32 za amonia, kwa hiyo ukiwa na uzito wa chakula na ukubwa wa tangi unaweza kukisia kesho kipimo kitasoma nini. Kikisoma tofauti sana, kuna samaki kafa mahali au kipimo kimepitwa na tarehe.

Mita ya pH irekebishwe kwa maji ya kipimo ya 7 na 10. Wengi wanatumia 4 na 7 kwa sababu ndizo zilizokuja kwenye boksi, wakati maji yao yapo 8.5, nje ya kipande walichorekebisha. Kwenye kipimo cha nitrati cha matone, chupa ya pili itikisike kwa nguvu sekunde 30 kabla ya kudondosha. Unga wake hutuama, na usipotikisa itakusomea sifuri kwenye maji machafu.

Na beba penseli. Wino ukilowa, wiki nzima ya vipimo inabaki doa la bluu.

---

BintiWaMachame

Penseli, mita ya 7 na 10, jedwali la amonia. Jumatatu naripoti.

---

FundiPampu_Sakina

Na buti za raba zenye soli ya kushika, dada. Sakafu ya chumba cha pampu haikauki.